Malalamiko Kuhusu Binti Anayepungua kwa Kusifiwa

Ganako, Karatu.
Jumanne, 18 Novemba.

Mkurugenzi,
Kikundi cha Katuni cha Ngano Mpya,
Arusha.

YAH: FILAMU YENU KUSEMA UONGO JUU YA AKINA MAMA

Ndugu Mkurugenzi,

Bwana asifiwe. Kama wewe si mtu wa kanisa, basi habari za kazi. Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama nimekuzidi, marahaba, nimeshaipokea.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi naitwa Ndeshi, mama yake Anneth. Yule Anneth. Kama hujamsikia ni kwa sababu uko Arusha; hapa Karatu hakuna ambaye hajamsikia, hilo nimelisimamia mwenyewe. Kazi yangu ni lanchi boksi, nafunga chakula cha watalii wanaoshuka kreta. Elimu yangu ni darasa la saba, lakini mtoto wangu anayo ya kututosha wote wawili.

Jumamosi iliyopita mwalimu wa kipaimara aliwaonyesha watoto filamu yenu ya "Qamara wa Punje" katika ukumbi wa usharika, na wazazi tukaalikwa. Nilivaa kilemba changu cha njano nikakaa mbele. Kwa wasioiona (maana nakala ya barua hii nitawapa watu kadhaa), ni habari ya binti wa miaka kumi na minne anayeishi ukingoni mwa kreta. Kila mama yake anapomsifia mbele za watu, binti anapungua. Akisifiwa sokoni anakuwa kimo cha mbuzi. Akisifiwa kanisani, kimo cha kuku. Mwisho anakuwa kama punje ya mahindi, anaingia kwenye sikio la ng'ombe na kutokomea huko mabondeni Olbalbal.

Nimelia, siwezi kuficha. Picha ni nzuri, ule ukungu ni wa kwetu kabisa, hata wale pundamilia wanaosema wana adabu. Lakini nina malalamiko, na nimeyapa namba ili usipotee.

1. Kisayansi si kweli. Anneth nimemsifia tangu yuko tumboni. Nilimsifia kliniki siku za kupimwa uzito. Nimemsifia kwa madereva wote wanaopitia boksi hapa kwangu, na mwaka jana nilimsifia kwa Mjerumani mmoja ambaye hakuelewa hata neno, lakini alipiga makofi. Leo Anneth anafikia kenchi za jikoni bila kiti. Sketi ya shule tumebadilisha mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Kama sifa zinapunguza mtu, mwanangu ningekuwa namtunza kwenye kiberiti. Jirani yangu Cresensia hajawahi kumsifia Godson wake hata siku moja, na huyo Godson... sitaki kumsema mtoto wa mtu, lakini njooni mumwone.

2. Yule mama wa kwenye filamu. Mnene kiasi, mcheshi, kilemba cha njano, anafunga chakula cha watalii, na sauti yake inavuka bonde. Alipotokea tu, ukumbi mzima uligeuka kunitazama. Mzee wa kanisa Clemensi, mtu niliyekuwa namheshimu, akaniinamia: "Mama Anneth, hawa walikuja kukupiga picha lini?" Watu walicheka mpaka mwalimu akasimamisha filamu. Sasa, kufanana si kosa, mtu mzuri lazima aigwe. Kosa ni kwamba mama yenu anafunga yai la kuchemsha bila chumvi! Mimi chumvi naikunja kwenye kikaratasi chake, naiweka pembeni, na nimefanya hivyo miaka kumi na moja. Hilo mlifute haraka.

3. Sweta. Qamara anaondoka nyumbani bila sweta. Ukungu ule, upepo ule, mtoto ukubwa wa punje! Analala siku nne sikioni mwa ng'ombe, haogi, chakula chake ni umande, halafu mnatuambia kwamba amekomaa. Kwetu Machame angeambiwa ana nimonia.

4. Madhara kwa familia yangu. Hapa ndipo penye uchungu.

Anneth anapata kipaimara Jumapili ya tarehe saba mwezi ujao. Unatujua sisi watu wa Kilimanjaro, hata tukihamia wapi, kipaimara cha mtoto ni ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, mezani na majani mdomoni, ni sare ya kitenge kwa ukoo mzima, ni mshereheshaji, na ni risala ya maisha ya mtoto inayosomwa kwa kipaza sauti. Risala nimeiandika mwenyewe, kurasa tisa. Ukurasa wa kwanza ni meno, yalivyoota na kwa mpangilio gani. Wa tatu ni alivyokuwa wa kwanza kata nzima. Wa saba nimeweka, kwa lugha ya staha na mistari minne tu, habari ya siku alipovunja ungo, maana ni baraka, na shangazi zake wanatoka mbali. Ijumaa nilimpa aisome, kusudi afurahi mapema. Akaisoma yote, akaikunja, akanirudishia. Nikajua ni furaha imemzidi.

Kesho yake ndiyo mkamwonyesha filamu yenu!

Tangu siku hiyo Anneth ana maneno matatu: ndiyo, hapana, na sawa. Hiyo "sawa" ndiyo inayoniua. Jumapili alitembea hatua kumi nyuma yangu kwenda ibadani, utafikiri mpelelezi. Na jana amemwambia baba yake, si mimi niliyemzaa, baba yake, kwamba kanisani atakwenda kubarikiwa, ila kwenye sherehe hatatokea. Baba Anneth ni dereva wa watalii na ni mtu wa maneno machache, mengi huwabakizia wageni. Akaniambia, "Mama Anneth, mtoto anaomba upunguze sauti kidogo." Kidogo! Nimealika watu mia tatu, na mtoto mwenyewe asiwepo? Nitamsifia nani, ndafu?

5. Dakika sita. Mwishoni mama yule anazunguka ukingo wote wa kreta akiita, anataja maksi za mtoto, anataja tabia zake njema, na kadiri anavyotaja mtoto anazidi kupungua. Kisha anachoka, anakaa juu ya jiwe, kimya. Binti anaanza kusema kutoka sikioni mwa ng'ombe, na mama hajibu, na binti anarefuka mpaka anakuwa mtu. Nilipima kwa simu: dakika sita kamili mama hajasema neno. Ndugu Mkurugenzi, pundamilia kusema Kiswahili nimekubali. Mtoto kulala sikioni nimevumilia. Mama mwenye mtoto kama huyo akae kimya dakika sita? Uongo nao uwe na mipaka.

6. Maombi yangu. Tengenezeni sehemu ya pili. Safari hii binti akisifiwa arefuke, mpaka tembo wamtazame kwa kuinua shingo, mpaka akalie ukingo wa kreta kama benchi na kunawa miguu kwenye lile ziwa la chini. Mama apewe dakika arobaini za kusema bila kukatizwa. Sauti nitaitoa mimi, na kipaza sauti sihitaji. Mwishoni muandike kwa herufi kubwa kwamba Qamara si Anneth, kwa kuwa Anneth ni mzuri zaidi. Mkikataa, nitaiomba serikali iwapime kimo watoto wote wa wilaya hii, kuanzia Endamarariek hadi huku kwenye geti la hifadhi, kabla ya kusifiwa na baada ya kusifiwa, na majibu yabandikwe ofisi ya kata. Na hadi majibu yatakapotoka, popote mtakapoonyesha filamu hiyo nitakuja kusimama kando ya pazia, nisahihishe.

Nisalimie wachoraji wote, hasa huyo wa ukungu, ana mkono. Msalimie aliyetoa sauti ya pundamilia. Wasalimie na mama zenu, muwaulize kama kuna hata mmoja wenu aliyewahi kupungua. Sisi huku wazima, mahindi yanakwenda vizuri.

Ni mimi mwenye uchungu na mwana,

Ndeshi (Mama Anneth)

N.B. Barua hii haikuondoka Jumanne kwa kukosa bahasha, na jioni yake Anneth alikuwa anajaribu gauni la kipaimara. Alisimama juu ya stuli, mimi nimepiga magoti napinda upindo, pini saba mdomoni. Akaniuliza kitu. Nikashindwa kujibu kwa sababu ya pini. Akadhani namsikiliza, akaendelea. Pini zikaisha, zote ziko kwenye gauni, na mimi bado sijafungua mdomo. Sijui nilipatwa na nini. Akasema mpaka baba yake akaja kuchungulia kama tuko wazima.

Alipomaliza nikapima tena upindo. Gauni limekuwa fupi, vidole vitatu. Nikasema nimekosea, nikapima upya. Sikukosea. Kumbe muda wote huu mwanangu alikuwa anasimama amejikunja.

Nimelishusha gauni. Wageni nimewabakiza arobaini, na ataingia ukumbini mwenyewe kwa mlango wa mbele. Risala sasa ni ukurasa mmoja, kauandika yeye, na mimi sijauona. Filamu yenu iacheni hivyo hivyo.

Alichoniambia, naomba msiniulize.