YAH: SAA YA UFUNGUO KUCHAJIWA BILA WAYA

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Vifaa vya Nyumbani,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekaa kwenye kiti kizuri, na simu yako ina chaji. Mimi mwili wangu hauna neno. Mgonjwa ni heshima yangu, na nakuandikia wewe kwa sababu ndiwe uliyeiambukiza.

Mtaani wananiita Fundi Fyuzi. Kazi yangu ni kufunga umeme majumbani. Watoto wangu wamelishwa kwa waya, wamevishwa kwa waya na wamesomeshwa kwa waya. Kisha gazeti lako likaandika kwamba chaja ya kifahari isiyotumia waya, yenye nafasi ya simu na nafasi ya saa, inastahili bei yake kwa mtu yeyote anayejiheshimu. Mimi najiheshimu, kwa hiyo nilikwenda nikainunua. Ni sawa na kinyozi kuchangia utafiti wa dawa ya kuzuia nywele zisiote.

Jumamosi hii natakiwa kusimama mbele ya chama cha mafundi umeme wa mji wetu nithibitishe jambo nitakalolieleza hapo chini. Nikishindwa, hakuna atakayeniamini tena hata kubadilisha balbu. Hilo ningelivumilia. Lakini pia mke wangu, ambaye ndiye mtu pekee anayenisikiliza mpaka mwisho wa sentensi, hataniamini tena, na hilo siliwezi. Naomba basi upokee malalamiko yangu kwa utaratibu.

1. Waya. Nilipofungua boksi, kitu cha kwanza kutoka kilikuwa waya. Mweupe, mrefu, mzuri. Nilidhani ni zawadi. Kumbe kile kisahani cha kulazia simu hakifanyi lolote mpaka kichomekwe kwenye soketi kama pasi. Mke wangu alinitazama nikichomeka, akauliza kwa upole kabisa, "Huu ndio ule waya ambao haupo?" Nikamjibu kwamba huu ni wa mwanzo tu, wa kukizoesha. Hadi leo bado kinazoea.

2. Simu. Sitaki kuwa mwongo katika jambo hili, kwa sababu nimeshakuwa mwongo katika lile linalofuata. Simu ikilazwa vizuri, inachaji. Lakini isogee upande kwa upana wa kucha tu, asubuhi unaikuta imelala njaa. Kava langu ni nene, maana simu ya fundi huanguka kutoka juu ya ngazi, nalo ni lazima livuliwe kila mara, kama mgonjwa anayeingia kwa daktari. Na joto je? Kazini mteja akiniambia kifaa chake kinapata moto, namwambia akichomoe haraka na asikiguse. Nyumbani nilishika mgongo wa simu yangu uliochemka nikasema, "Hiyo ndiyo dalili ya ubora." Waya wa zamani ulikuwa ukiijaza simu kabla mke wangu hajamaliza kupiga pasi nguo za shule. Hiki kinamaliza wakati nguo zimeshavaliwa na kuchafuka.

3. Saa. Hapa ndipo penye kidonda. Makala yenu ilisema simu na saa, na mimi saa ninayo. Nilipewa na baba mkwe siku ya harusi. Ni saa ya ufunguo, ile unayozungusha kidude cha pembeni kila asubuhi ndipo itembee. Haina betri, haijawahi kuwa nayo, na umeme haijui ni nini. Nakuapia kwamba hilo nililifahamu. Ila ile nafasi ya saa ilikaa tupu kama pengo la jino, nami nikiangalia pengo naona fedha yangu iliyopotea. Nikailaza saa pale, lengo likiwa kuziba tu.

Mke wangu akapita na kapu la nguo mbichi. Akasimama. Akauliza, "Na saa nayo inaingia chaji?"

Ndugu Mhariri, jibu lilikuwa neno moja, hapana. Lakini mtu aliyekwisha kununua kitu ghali, tena akiitwa fundi, neno hilo halimtoki kwa urahisi. Nikasema, "Inaingia, tena vizuri mno." Akasema, "Makubwa haya!" akaenda zake kuanika.

4. Kujificha. Tangu saa ile sikuweza tena kuitia saa ufunguo mbele ya watu. Nikawa naitia chooni, bomba nimelifungua ili ile sauti ya krr-krr isisikike. Mtu mzima, mwenye leseni ya umeme, ana nywele nyeupe kidevuni, amejifungia chooni na saa yake. Na kama hayo hayatoshi, kisahani kina sumaku ndani ya kushikia simu isiteleze. Sumaku ikaiingia saa, saa ikaanza kukimbia. Nikawa nafika kwa wateja wakiwa bado na kanga na taulo. Mke wangu aliponiuliza mbona saa inakimbia hivyo, nilimwambia imejaa chaji kupita kiasi. Alitikisa kichwa polepole, kama mwanafunzi mwema. Akamsimulia jirani yetu mshonaji. Mshonaji hajawahi kuweka siri, wala hajawahi kudai kwamba anaweza. Haukupita muda baba mkwe, namwamkia huko aliko, akaituma saa yake nyingine ya ufunguo kwa basi ikiwa imefungwa kwenye kitambaa, pamoja na ujumbe: "Mwambieni mkwe wangu anichajie, ila asiijaze sana, mimi sina haraka."

5. Muujiza. Hapa naomba usome taratibu. Nilipoona maji yamenifika shingoni, niliamua kuacha kabisa kuitia saa yangu ufunguo. Nia yangu ilikuwa isimame yenyewe, nitangaze kwamba chaja imekufa, tuizike kabatini na tusiitaje tena. Nikaacha. Nikangoja. Saa haikusimama.

Siku zikapita, saa inatembea. Niliiweka sikioni nikiwa juu ya ngazi ya mteja, nikasikia tik-tik kama kawaida, karibu nianguke. Nilianza kwa kuogopa, nikaendelea kwa kushangaa, nikamalizia kwa kuvimba kichwa. Mtu akisema uongo, na uongo ule ukageuka kweli mkononi mwake, anaitwaje? Mimi nilidhani anaitwa mvumbuzi. Ni kweli kwamba saa ya baba mkwe, iliyolazwa palepale, ilisimama na haijatikisika mpaka leo. Lakini kwa hilo nina maelezo: saa hufuata tabia ya mwenyewe, na mzee amestaafu.

Basi nikaenda kwa mwenyekiti wa chama cha mafundi nikamweleza ugunduzi wangu, kwamba springi ya chuma inaweza kupokea nguvu kupitia hewani. Mwenyekiti alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Alipopata pumzi akasema, "Fyuzi, Jumamosi uje nayo, na wenzako wote watakuwepo." Ndiyo hiyo Jumamosi.

Kutokana na hayo, Ndugu Mhariri, naona wenye makosa ni ninyi. Kama kisahani huchaji saa za ufunguo, mlificha habari hiyo muhimu, mkaniacha niigundue peke yangu chooni. Kama hakichaji, mlitaja neno "saa" bila kufafanua ni saa ipi, na mtu wa kawaida, nikimaanisha mimi, akaingia mkenge. Kwa vyovyote vile, naomba yafuatayo:

Kwanza, kabla ya Jumamosi mchapishe, kwa maandishi yasiyopungua ukubwa wa yale ya mwanzo, kwamba saa ya ufunguo huingia chaji. Pili, kama sayansi haikubaliani na jambo hilo, muiandikie sayansi ibadilishe msimamo, maana anwani yake mimi sina. Tatu, nakala moja apelekewe mke wangu moja kwa moja, kwa jina lake, yenye maneno haya: "Mume wako hakukudanganya." Hayo mawili ya mwanzo mkiyashindwa, msihangaike. Hili la tatu nawasihi.

Nisalimie wachapaji, mhasibu, mlinzi wa getini na mama wa chai. Yule aliyeandika makala mwambie kwamba namtafuta, ila kwa amani. Nyumbani kwangu wote wanakusalimu, hata wale wasiojua kwamba nimekuandikia.

Ni mimi, niliyekimbia waya nikanaswa bila waya,

Fundi Fyuzi

N.B. Mke wangu husoma barua zangu kabla hazijaingia kwenye bahasha, kwa sababu r na l hunichanganya. Hii ameisoma akiwa amesimama, mpaka mwisho. Nilitegemea acheke, au anune. Hakufanya lolote kati ya hayo. Amekaa kando yangu akaniambia kwamba saa anaitia ufunguo yeye, kila asubuhi nikiwa naoga. Alijua tangu siku ya kapu, kwa kuwa tangu utotoni alikuwa akimwona baba yake akiizungusha saa hiyohiyo. Alikuwa akisikia krr-krr za chooni, kisha siku moja hakuzisikia. Akadhani nimesahau. Akaona isije ikanisimamia mbele ya wateja nikaaibika.

Nimeshindwa kumtazama usoni, na sijawahi kumpenda kama nilivyompenda pale. Kwa hiyo futa yote niliyoyaandika hapo juu, la kwanza hadi la tano, pamoja na maombi yote matatu. Sentensi ile niliyokuomba umpelekee haihitajiki tena, wala haikuwa kweli.

Nimemwambia Jumamosi nitakwenda kusema ukweli, wanicheke wamalize. Amesema tutakwenda wote, na yeye atakaa mstari wa mbele, kwa sababu bila yeye saa haitembei.