Mchagua Mawimbi wa Baraka

Redio ya kinyozi ilikuwa ikizungumza Kifaransa siku hiyo, na mle kibandani ni wanaume wawili tu waliokuwa wakiisikiliza kweli. Wa kwanza ni Bonaventure, mzaliwa wa Kilembwe, bara mbali na ziwa, aliyekuwa akisubiri zamu ya kunyolewa ndevu. Alikuwa amewahi kuuza dawa ya panya ambayo panya waliipenda sana, na nafasi katika shule ambayo haijajengwa. Wa pili ni Isidore, mnunuzi wa dhahabu. Vita vilikuwa vimemtoa kwenye machimbo ya Misisi na kumtupa Baraka, mji wa kando ya ziwa, pamoja na dhahabu yake na mizani yake, mizani ambayo wachimbaji walidai ina njaa isiyoshiba.

Redio ilisema kwamba ng'ambo, huko Ulaya, wataalamu wanatembea baharini wakichagua maeneo ambayo mawimbi yake yatageuzwa kuwa umeme. Maeneo mengi yanakataliwa, ilisema, machache yanachaguliwa.

Kinyozi hakusikia kitu, kwa sababu wembe wake ulikuwa butu na ulimhitaji mzima. Isidore alisikia neno "umeme", akageuza shingo kutazama ziwa. Bonaventure alisikia neno "yanachaguliwa", akageuza shingo kumtazama Isidore.

Akaondoka bila kunyolewa. Mtaalamu mwenye ndevu huonekana ametoka mbali zaidi.

Siku chache baadaye akatokea ufukweni na kofia ngumu ya njano ya wajenzi, tai, na fimbo ndefu aliyoichora mistari myekundu. Alikodi mtumbwi wa kupiga kasia, akawa anasimama katikati ya maji, anachovya fimbo, anaitazama, anatikisa kichwa kwa huzuni, anahamia mbele. Hakumwambia mtu anafanya nini. Walipomuuliza alijibu kwa upole kwamba bado hajaruhusiwa kusema, na kufikia jioni mji mzima ulikuwa unajua kila kitu.

Mambo yalikwenda kasi. Wazee wa kijiji jirani cha Mushimbakye walimpelekea kuku, wakisihi mawimbi yao yaangaliwe mara ya pili. Aliyaangalia, akasema ni mawimbi mazuri ila yamechoka, yafaa yapumzishwe. Wavuvi wa upande wa pili walimpelekea ndagala, yaani dagaa, wakavu. Aliwauliza nyavu zao zinatupwa wapi, vyombo vinapita wapi, samaki wanazaa wapi, maana eneo teule halitakiwi kuvuruga vitu hivyo, na kila alipouliza walizidi kuamini, kwa kuwa hakuna tapeli aliyewahi kujali samaki wanazaa wapi. Hata kamanda wa bariera, kizuizi cha jeshi cha ufukweni, ambaye vijana wake walimpekua kila aliyetoka Baraka mpaka ndani ya viatu, aliahidiwa taa ya kwanza kabisa. Alitaka pia mahali pa kuchajia redio ya jeshi. Akaahidiwa.

Lakini samaki aliyetakiwa hasa alikuwa Isidore, naye alikuja mwenyewe.

"Ingénieur," alisema, akimpa cheo cha mhandisi na kukaa karibu kuliko adabu inavyoruhusu, "kama ile eneo itachaguliwa iko na mwenyewe, huyo mwenyewe atapata nini?"

"Mwenyewe?" Bonaventure alivua kofia kana kwamba neno hilo ni zito. "Papa Isidore, kila taa itawaka Misisi, itawaka sababu yake. Batu batakuwa banakuomba ruhusa ya kuona usiku."

Isidore alifumba macho kidogo, akawaona wakiomba, akawanyima. Dhahabu yake, iliyokuwa imeshonwa ndani ya mkanda wa suruali, ikahamia kwa Bonaventure ipelekwe Bukavu kwa wakubwa wanaotia muhuri maeneo. Bonaventure aliapa kwamba imeondoka na mtu mwaminifu. Kwa kweli haikwenda popote, na hapo ndipo mtaalamu wetu alipokutana na tatizo lake la kwanza la kitaalamu. Vijana wa bariera wakikuta dhahabu viatuni, huondoka na dhahabu na viatu.

Akachukua bidoni ya njano, dumu la plastiki, akatia ndani redio mbovu ili iwe na waya za kuonekana, akaificha dhahabu chini ya redio, akaziba mdomo kwa lami. Kisha, mbele ya watu wote, akaifunga jiwe na kamba na kuiacha ielee majini mbele ya Baraka. Akatangaza kwamba hicho ndicho kipimo. Ndani kuna mashine tu, na mashine hiyo itakaa majini ikihesabu nguvu za mawimbi. Nani atapekua kitu kinachoelea? Siku yake ikifika ataondoka mikono mitupu, aiokote bidoni njiani, azunguke ncha ya rasi ya Ubwari ng'ambo ya ghuba, na kesho yake anywe chai Kigoma.

Ilibaki chombo cha kumfikisha Kigoma. Kwa kasia hafiki. Ilitakiwa moteri, injini ya mtumbwi.

Sasa, moteri katika Baraka ya miaka ile ya vita ilikuwa kama binti mrembo: kila nyumba iliapa haina. Wenye bunduki wa upande huu walikuwa wamechukua nyingi, wa upande ule wakachukua zilizobaki. Iliyosalia, na kila mtu alijua na hakuna aliyesema, ilikuwa ya Salma, mjane mwenye mtumbwi mkubwa wa mbao, aliyeitwa Mama Hawa kwa jina la bintiye. Salma hakuizika moteri yake kama wajinga. Aliigawa. Kichwa cha moteri kilikuwa kwa mdogo wake Yunusu, kabiratere ya kuchanganya mafuta na hewa kwa binamu yao Ibrahim, helisi, ile panga ya kusukuma maji, kwa wifi yake Godelieve, na buji, plagi ya kutoa cheche, ilifungwa kwenye ncha ya kitenge cha Salma mwenyewe. Anayetaka kuiiba ilimbidi kwanza aoe katika ukoo.

Ujanja huo ulikuwa na ubaya mmoja: jamaa walikuwa wamegombana. Yunusu hakusemezana na Ibrahim, Ibrahim alimwona Godelieve mchoyo, na Godelieve aliwaona wote wawili wapumbavu. Na wakati huohuo Hawa, binti wa pekee wa Salma, alikuwa amejifungua mapacha kijijini Ubwari, risasi zikisogea kila wiki, na vyombo vya kasia havikuthubutu tena kuvuka ghuba. Salma alikuwa amewasihi jamaa mpaka sauti ikamkauka. Kila mmoja alijibu kwamba atatoa chuma chake wenzake wakitoa kwanza.

Basi Bonaventure alipofika uani kwake, akasifia mbuzi, akasifia kivuli, akaeleza jinsi kipimo kinavyohitaji kukaguliwa kwa chombo chenye kasi, Salma alimsikiliza mpaka mwisho. Mwaka ule watu wengi walikuwa wameulizia moteri yake. Huyu alikuwa wa kwanza kuizunguka kwa adabu.

"Miye sijui mambo ya umeme, papa," alimwambia. "Miye najua tu ziwa. Moteri iko, lakini haiko kwangu moja. Iko kwa jamaa. Nenda ubaombe."

Akamtajia nyumba, akamtilia chai, akarudi kuchambua maharagwe.

Bonaventure hakuwahi kufanya kazi kwa bidii kama wiki hiyo. Ibrahim, mwadhini, alikumbushwa kwamba sauti yake tamu inaishia kwenye mibuyu ya pwani, na kwamba kwa umeme ingefika Ubwari kabla ya jua. Akaleta kabiratere ikiwa imepigwa mafuta. Yunusu hakuamini umeme wala mawimbi wala kofia. Aliuliza swali moja tu: Ibrahim ametoa? Ametoa. Basi naye akaleta kichwa cha moteri, asije akasemwa kwamba ndiye aliyekwamisha.

Godelieve ndiye aliyekuwa mgumu. Helisi alikuwa ameipatia kazi.

"Hii ndiyo inabana mufuniko ya pipa yangu ya mihogo," alisema. "Nikiitoa, nitabana na nini?"

"Na jiwe, mama. Mpaka umeme ifike."

"Na umeme itabana mihogo?"

Bonaventure alikiri kwamba hapo sayansi haijafika. Lakini alikuwa ameona nguo za watoto wake jinsi zilivyonyooka kwa ajili ya ibada, akamweleza pasi isiyotaka makaa, isiyotema cheche juu ya blauzi nyeupe. Godelieve aliipangusa helisi kwa pindo la nguo yake, akaikabidhi taratibu kama anayeozesha.

Jamaa waliokuwa hawasemezani walijikuta wameinama pamoja juu ya moteri moja uani kwa Salma, wakipokezana bisibisi na matusi madogo ya kifamilia. Salma akafungua ncha ya kitenge, akatoa buji. Moteri ikakohoa, ikanguruma. Salma aligeukia ukuta kidogo, na Bonaventure akadhani ni moshi umemwingia machoni.

Siku ya ukaguzi ikafika, asubuhi njema. Bonaventure alisimamisha bendera nyeupe yenye wimbi la rangi ya buluu, akavaa kofia, akatangaza kwamba atakwenda peke yake, kwa sababu uzito wa watu unakivuruga kipimo. Alitegemea mabishano. Salma hakubisha. Alisema mafuta yamo ndani ya tangi na bidoni ya akiba ipo chini ya ubao, akamwomba asichelewe, maana mchana ziwa huamka. Kwenye bariera vijana walimpekua mpaka viatu, wakakuta miguu. Kamanda alipiga saluti kwa ajili ya taa yake.

Mbele ya Baraka akaiokota bidoni ya njano. Ilikuwa na uzito wake. Akaibusu, akaiweka miguuni, akaelekeza pua ya mtumbwi kaskazini, kwenye ncha ya Ubwari. Nyuma yake Baraka ilipungua, na ingénieur akaanza kuimba.

Moteri ilizima akiwa bado hajamaliza ubeti wa kwanza. Tangi lilikuwa kavu. Akavuta bidoni ya akiba, akafungua, na kwa bahati ya moteri alinusa kabla ya kumimina. Ilikuwa maji ya ziwa, safi kabisa, ya kunywa.

Akalitafuta kasia. Halikuwemo.

Hapo ndipo upepo wa mchana ulipoamka, ule unaotoka Ubwari na kusukuma kila kitu kuelekea Baraka: magugu, mapovu, maboya yaliyokatika, na leo mtaalamu. Mtu wa Kilembwe hajui habari hizo. Mawimbi yakaja, manene, yenye adabu, moja baada ya jingine, yakimrudisha alikotoka. Kwa kukata tamaa akapasua bidoni ya njano kwa kisu, walau aiweke dhahabu mwilini. Akaiona redio mbovu. Chini ya redio, ndani ya jani la mgomba, kulikuwa na bukari, ugali wa huko, bado vuguvugu, na ndagala wa kukaanga.

Alikula. Alikuwa na njaa, na walikuwa wamekaangwa vizuri.

Ufukweni watu walikuwa wamejaa. Walikuwa wameona kila kitu: mtumbwi mkubwa, moteri imezimwa, hakuna kasia, na mawimbi peke yake yakiuleta mpaka mchangani kwa kishindo. Walipiga makofi. Hawakuwahi kuona majaribio yaliyofaulu namna ile. Isidore alilia waziwazi.

Salma alisogea, mikono nyuma. Kando yake alisimama Yunusu, akiangalia mawingu. Pwani ile ina desturi ya zamani: boya likielea bila mtu wa kulilinda ni la atakayeliokota. Yunusu alikuwa ameona jinsi mgeni alivyokuwa akiitazama bidoni kila asubuhi, kama mtu anayeitazama sufuria ya nyama kwa jirani. Bidoni ilikuwa haina mlinzi. Akaiokota, akampelekea dada yake, wakairudisha mahali pake na kitu cha kumfaa msafiri.

"Ingénieur," Salma alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa Isidore, "ndani ya ile bidoni kulikuwa kitu?"

Bonaventure alimtazama. Akamtazama Isidore, aliyeamini dhahabu yake iko Bukavu, na mikono ya Isidore, ambayo ilikuwa mikubwa. Akawatazama vijana wa bariera, waliokuwa wametega masikio.

"Hapana, mama," alisema. "Mashine tu."

"Nilifikiri vile," alisema Salma.

Mafuta yalikuwa yamekwisha kununuliwa, mengi, na ni wazi kwa kitu gani. Yakamiminwa hapohapo, kasia zikarudi mahali pake. Salma akapanda, Yunusu akashika moteri, Ibrahim akakaa mbele akipiga dua, na bendera nyeupe ikaachwa ilipokuwa, kwa kuwa kamanda alikuwa ameizoea. Godelieve aliwasukuma kwa mguu, akiwakumbusha kwamba helisi yake irudi nzima.

Salma akamgeukia Bonaventure, akamtupia bakuli la kuchotea maji.

"We unajua kuteka maji?"

"Najifunza haraka, mama."

"Panda basi. Huku ukibaki, yule Papa Isidore atakuuliza maswali. Tutakuacha Ubwari. Huko habana redio."

Akapanda. Moteri ilinguruma, bariera ikapiga saluti, na mtumbwi ukaenda kuwachukua Hawa na mapacha wake, ingénieur ameinama anachota maji kwa bidii ya mtu aliyechaguliwa. Isidore alikimbia ukingoni akipaza sauti: eneo lake linaanzia wapi? Bonaventure aliinua bakuli, akalizungusha juu ya ziwa lote.

Hawa na watoto walilala Baraka siku hiyo. Kuhusu Isidore, aliambiwa habari ya desturi ile, kwamba boya lisilo na mlinzi ni la yeyote. Akafunga bidoni nyingine ya njano ielee palepale kilipokuwa kipimo, akanunua mtumbwi mdogo na mwavuli, na kila siku hukaa kando yake kuanzia asubuhi, akitazama kwa ukali kila chombo kinachopita. Wavuvi humsalimia kwa heshima. Mpaka leo, wanasema, hajaibiwa hata wimbi moja.