Uzinduzi wa Kituo cha Katuni za Sayansi, Kibosho

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye kwa bahati nzuri ni mimi. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Uhamasishaji wa Ubunifu. Wachungaji, mapadri, wadau wa maendeleo. Wazee wangu, shikamooni. Na nyinyi watoto mlioletwa: kwa mamlaka niliyopewa, natangaza rasmi kwamba kiti changu kimefika. (Makofi ya Kamati.)

Ndugu wananchi, mnamjua dada yetu Ndelilio, huyu aliyekaa mbele na rangi vidoleni, ambaye kwa miaka mingi amechora katuni za kuchekesha za sayansi kwenye ukuta wa shule yetu, nami, kama kiongozi msikivu, nilikwenda kuzifanyia tathmini shirikishi. Nilikuta barafu ya Kilimanjaro imebeba begi inahama, nikaunda timu ya kuchunguza nani ameipa ruhusa. (Kicheko.) Nikakuta pipa la mbege, pombe yetu ya ndizi, limechorwa tuone ndani, na humo vijidudu vya chachu vimekaa kikao, vinatoa gesi tu, na mwenyekiti wao amevaa tai ya mistari ya kijani. (Watu wanaitazama tai ya Mheshimiwa.) Nikaambiwa ni sayansi ya uchachushaji. Nilimuuliza bwana afya kama chachu huvaa tai, akanithibitishia kwamba haivai.

Ndiyo maana, kwa nia njema kabisa, ukuta ule tumeupaka chokaa. Wapo wanaonung'unika kwamba Mwalimu Yuditha sasa hana pa kufundishia, na kwamba watoto waliokuwa wanakimbilia ukutani wakati wa mapumziko siku hizi wanapigana. Hizo ni changamoto, na changamoto ni fursa. Kipaji kama hiki hakiwezi kuachwa ukutani kinanyeshewa. Kinahitaji mpango mkakati, kinahitaji framiweki, na ndiyo sababu leo nakata utepe wa Kituo hiki cha ghorofa mbili, kilichokamilika kwa asilimia mia moja na nne, ambacho wenzetu wa Kilema na Masama wanakisikia tu redioni. (Makofi. Mama mmoja anauliza kiko wapi, ananyamazishwa.)

Naona Ndelilio amenyoosha mkono. Sema, dada.

("Mheshimiwa, Jumatatu watoto wakija, nichore wapi?")

Swali zuri sana. Limepokelewa na liko kwenye mchakato, na mchakato wenyewe tumeshaanza kuuchakata.

Kwa kumalizia, namshukuru Mama Anaeli kwa kutuazima uwanja wake na shuka jeupe la kitandani, na namshukuru Ndelilio aliyeshinda jana akituchorea Kituo juu ya shuka hilo, milango, ghorofa na bendera, kwa kujitolea, maana bajeti iliishia kwenye viti. Nimeona hata dirishani amemchora kiongozi mwenye tai ya kijani akiongoza kikao ndani ya kitu kama pipa. Nimeguswa. (Kicheko kirefu, Mheshimiwa anakipokea kwa kuinamisha kichwa.)

Sayansi hoyee! Ubunifu hoyee! Kamati hoyee!

Na lile swali la Jumatatu, nanong'onezwa hapa kwamba limepata ufumbuzi chini ya uongozi wangu: Mama Anaeli anasema shuka lenye rangi hiyo halirudi kitandani kwake, kwa hiyo Ndelilio atalitundika shuleni, juu ya chokaa yetu.

Asanteni kwa kunisikiliza. Mkija kupiga picha msiegemee Kituo. Nyuma yake kuna ng'ombe.