Mita Moja na Nusu ya Heshima

Mgeni alitokea saa nne asubuhi, bila kuitwa na mtu, amevaa kizibao cha njano na kubeba begani chombo cha miguu mitatu kilichofunikwa kitambaa, kana kwamba ni maiti ya mtu muhimu. Alisimama kando ya kiwanja cha Mstaafu, akasikiliza ugomvi kwa dakika tano. Dakika ya sita alikuwa ameshajua atakula nini mwezi mzima.

Ugomvi ulihusu sakafu. Kiwanja kilikuwa kwenye mteremko, barabara ikipita ubavuni, na Mstaafu alikuwa hajaafikiana na fundi wake sakafu ikae usawa gani.

"Tukate kidogo upande wa juu, tujaze kidogo upande wa chini," alisema Fundi. "Udongo tutakaochimba ndio tutakaojazia. Nyuma tuchimbe mtaro, maji ya mlimani yazunguke nyumba. Sakafu inakaa katikati, kazi imekwisha."

"Katikati!" Mstaafu alifoka. "Shemeji yangu pale ng'ambo kajenga juu. Nikikaa katikati atakuwa ananitazama utosini kila akinywa chai."

"Utosi haulowi kwa kutazamwa, mzee. Sebule ndiyo italowa tukikosea."

Hapo mgeni akakohoa, kikohozi cha watu waliosoma.

"Samahani wazee wangu, mimi mpita njia tu. Lakini roho imeniuma."

Akafunua chombo chake. Kilikuwa kigoda cha kusimamishia kamera ya mpiga picha kilichofungwa kipande cha bomba, na ndani ya bomba kitako cha chupa ya soda. Akachungulia. Aliona ukungu wa kijani, kama kawaida yake, akapiga mluzi wa huzuni.

"Nani aliyepigilia hivi vigingi?"

"Mimi," Fundi akajibu.

"Mungu akusamehe, ndugu yangu." Akamgeukia Mstaafu. "Mzee, nyumba hii inadai kupanda mita moja na nusu. Mtu wa hadhi yako haingii kwake kama anayetumbukia shimoni."

Mstaafu, aliyekaa miaka thelathini na miwili nyuma ya dirisha la ushuru akinyenyekewa na wenye mizigo, alihisi kwamba hatimaye amekutana na sayansi.

"Na udongo wa kujaza kimo chote hicho utatoka wapi, Injinia?" aliuliza. Cheo kilikuwa kimeshatolewa, bure, bila mtihani.

"Kwa bahati, kuna mtu namfahamu."

Mtu huyo alikuwa akichimba bwawa la samaki mtaa wa pili na alikuwa tayari kumlipa yeyote atakayemwondolea udongo. Basi Injinia akalipwa kuuondoa, akalipwa tena kuuleta. Fundi alikunja mpira wake wa maji wa kupimia usawa, akaenda zake bila kuaga.

Hatua ishirini chini ya kiwanja palikuwa na nyumba ya vyumba viwili ya Mshonaji. Sare za shule za mtaa mzima zilitoka kwenye cherehani yake. Kila lori lilipomwaga, kilima kilisogea. Hakikushindiliwa, hakikuwa na ukuta wa kukizuia, na kilikuwa kimeanza kuinama upande wa dirisha lake kama jirani mmbeya. Mvua zilikuwa karibu.

Siku ya saba Mshonaji alimwita Injinia barazani.

"Baba, hicho kilima chako kikilowa, kitalala wapi?"

"Mama, nakuahidi mimi mwenyewe: hata tone moja halitavuka kizingiti chako."

Sentensi hiyo alikuwa ameiacha katika miji mingi, pamoja na madeni ya gesti.

"Maneno matamu hayo. Basi ninunulie hii nyumba, maana hofu itaniua. Nakupa kwa bei ya hasara. Ila niache humu kama mpangaji mpaka mvua ziishe, nimalize sare za watu."

Injinia alijitahidi sura yake isicheke. Mstaafu angehitaji mahali pa ngazi, bustani na kivuli cha heshima yake. Angemuuzia mara tatu. Akaandika hati papo hapo.

"Andika na lile la kizingiti," Mshonaji akasema.

"Lile lilikuwa neno tu, mama."

"Ndiyo. Andika neno."

Akaandika. Akatia sahihi, akatoa chote alichovuna kwa wachimba bwawa na kwa wapenda kimo. Mshonaji akamtaka aisome hati kwa sauti. Injinia alisoma vizuri mpaka kwenye kizingiti, ambapo alikohoa, safari hii kikohozi cha kweli. Akasema ni vumbi.

Kesho yake alipanda kwa Mstaafu akiimba. Alimkuta mzee ameshika ncha moja ya mpira wa maji, Fundi ameshika nyingine. Mshonaji alikuwa amemlipa Fundi kibarua cha siku moja.

"Kona hii na ile zimepishana shubiri mbili," Fundi alikuwa akieleza. "Mpira huu haujasoma, mzee, lakini tazama maji yaliposimama. Na kutoka getini mpaka sakafuni utapanda ngazi kumi."

"Kumi! Na magoti yangu haya? Na gari nilivute kwa kamba?"

"Ndiyo maana," Injinia akaingilia, "nimekutafutia kiwanja cha chini, mzee, kwa ajili ya—"

"Cha chini? Si kitafukiwa na udongo wako mvua ya kwanza! Atakinunua nani, isipokuwa mpumbavu?"

Injinia aliipapasa hati mfukoni. Mstaafu akaelekea kituo cha polisi kwa miguu, na kwa magoti yale, mhalifu alikuwa na saa nzima ya kujiandaa.

Injinia alishuka mbio mpaka kwa Mshonaji. Cherehani haikusimama.

"Umenipiga, mama."

"Nimekuuzia, baba. Mimi niliyeuogopa udongo sikuwa na uwezo wa kujenga ukuta. Wewe uliyekuwa na uwezo hukuwa na sababu. Nimekupa sababu." Akakata uzi kwa meno. "Ukitaka kukimbia, kimbia. Nina sare arobaini, sina muda wa kukufukuza."

Injinia alichukua begi na chombo chake. Kwa kanuni zote za taaluma yake, alitakiwa apande basi. Alifika hata stendi. Kisha akaingia studio ya mpiga picha jirani, akauza miguu yake mitatu, kazi yake yote ya maisha, kwa bei ya malori mawili ya mawe.

Kituoni, Mstaafu aliambiwa mwenye ufunguo wa kabati la mafaili hayupo, arudi Jumatatu. Aliporudi kiwanjani alimkuta mhalifu anachimba mtaro kwenye mteremko wake, bila malipo. Hasira ilipambana na hesabu, hesabu ikashinda. Alivuta kiti, akatazama, akiingoja Jumatatu yake.

Siku tatu Injinia alibeba, Fundi akipanga. Walikata kilima, wakashindilia kilichobaki, wakapandisha ukuta.

"Jiwe hilo geuza," Fundi alisema. "Tumbo ndani. Kwani hukufundishwa uinjinia?"

"Siku hiyo niliumwa, kaka."

Jumatatu asubuhi askari wawili walifika pamoja na wingu jeusi.

"Afande, limebaki jiwe moja."

"Utaliweka ukirudi."

"Mvua hainingoji nirudi."

Askari mkubwa alitazama wingu, akatazama mikono ya Injinia, akakaa chini ya upenu wa paa. Jiwe likakaa mahali pake. Mvua ikashuka kama imetumwa na mdai. Maji mekundu yalikuja kwa kishindo, yakagonga ukuta, yakasitasita kama mgeni aliyekosa nyumba, kisha yakageuka na kufuata mtaro hadi barabarani.

Mshonaji akainama, akapitisha kiganja juu ya kizingiti, akakiinua wakione wote. Kilikuwa kikavu.

"Haya, afande," Injinia akasema, akinyoosha mikono yake iliyojaa malengelenge. "Twende."