Ibada ya Stoo ya Fremu

Jumatatu, 3 Machi

Saa ya sala tena. Karakana nzima ikanyanyuka, wakanawa, wakaondoka. Nikabaki mimi, mashine za kusagia lenzi na simu inayolia. Mimi ndiye mgeni pekee hapa, kwa hiyo mimi ndiye ninayeshikilia duka mji mzima unapozungumza na Mungu.

Akaja mwalimu mmoja kuchukua miwani yake. Haikuwa tayari. Ni kazi ya Kidole Juu, jirani yangu wa meza. Namwita hivyo kimoyomoyo kwa sababu ukimuuliza kazi itaisha lini, anaelekeza kidole darini na kusema, Mungu akijalia. Mwalimu akanifokea mimi. Kidole hakikuwepo.

Fundi bomba naye aliahidi kuja kwangu wiki iliyopita, Mungu akijalia. Inaelekea hakujaliwa, maana bomba bado linavuja. Kila mtu mji huu ana mkubwa wa kumsukumia mambo. Mimi sina.

Neno hilo limenikaa kichwani tangu jioni. Sina! Na kwa nini nisiwe naye?

Jumanne, 4 Machi

Nimemwendea meneja, mama mtu mzima anayevaa miwani yake juu ya nywele. Nikamweleza kwa unyenyekevu mkubwa kwamba na mimi nina dini, ya kwetu. Kwamba nimejinyima muda wote huu kwa ajili ya kazi, lakini sasa roho inadai. Akauliza inadai nini. Nikasema chumba chenye giza, ukimya, saa moja kila siku baada ya chakula cha mchana. Na godoro dogo.

Kwenye godoro aliinua nyusi. Nikasema ni la magoti.

Akashusha miwani machoni, akanitazama. Kisha akasema dini ya mtu haichezewi, nitumie stoo ya fremu. Nusura nimkumbatie. Kumbe ni rahisi hivi!

Jumatano, 5 Machi

Ibada ya kwanza. Tamu ajabu. Nimekuta pazia mlangoni, ameshona Shangazi wa kaunta bila kuombwa na mtu. (Si shangazi wa yeyote pale. Wote tunamwita hivyo, hata meneja aliyemzidi umri.) Nikavua viatu, nikajinyoosha katikati ya maboksi. Bahati ilikuwa upande wangu, umeme ukakatika muda uleule, mashine zikanyamaza. Nililala fofofo.

Nilipotoka Shangazi akasema uso wangu umekunjuka, naonekana nimebarikiwa. Hakusema uongo.

Ijumaa, 7 Machi

Umeme umekatika tena saa ya ibada yangu. Siku ya tatu mfululizo. Silalamiki.

Ila kuna kitu hakijakaa sawa. Hakuna anayenitania tena. Zamani walinichamba kutwa: lafudhi yangu, upara wangu, namna ninavyobeba chakula changu kama dawa ya mgonjwa. Nilikuwa nachukia. Sasa nikitoka stoo wote wanainamia lenzi zao, kimya. Leo Kidole Juu ameziba mdomo akakimbilia bombani. Nadhani ni heshima. Heshima ina upweke wake. Nimekula peke yangu.

Mke wangu amepiga simu. Yuko kwetu na watoto. Nikamsimulia mradi wangu nikijua atavunjika mbavu. Hakucheka. Alisema yeye huniombea kila asubuhi, na kama nimepewa chumba kizima cha kuombea, basi nimwombee na yeye goti lake linalomsumbua. Nikasema mtandao unakatika. Haukuwa unakatika.

Jumatatu, 10 Machi

Kidole Juu ameharibu lenzi mbili asubuhi, yeye ambaye mkono wake hautetemeki. Mchana akaja mezani kwangu. Kidole hakukiinua. Mama yake ana uvimbe kichwani na kesho mchana anapasuliwa. Daktari hakuahidi chochote.

Nikampa pole. Nikadhani yamekwisha. Hakuondoka.

"Sisi nyumbani tumeomba mpaka tumechoka," akasema. "Kesho ukiingia humo ndani, mtaje na mama yangu kwa namna ya kwenu. Usiniulize kwa nini. Mtaje tu."

Nikasema sawa. Ningesema nini? Kutwa nzima nimetafuta upenyo. Niugue kesho? Nitangaze kwamba dini yetu haipokei maombi ya watu wa nje? Hilo la pili lilikuwa zuri, lakini nilipomtazama akiondoka na mabega yameanguka, sikuweza kulisema.

Jumanne, 11 Machi

Kidole Juu yuko hospitali. Nimeingia stoo saa yangu. Umeme ukakatika kama kawaida.

Nililala chali. Usingizi haukuja. Nikageuka. Nikamwona mama ambaye sijawahi kumwona, kanyolewa nywele. Nikaketi. Nikajiambia, mtaje tu, ahadi ni ahadi, kisha ulale.

Sijui inavyofanywa. Nilianza kama barua ya kuomba kazi: husika na mada iliyotajwa hapo juu. Nikaona aibu ingawa hakukuwa na mtu. Nikaanza upya. Nikasema kuna mama mmoja, mwanawe ni mchelewaji wa kazi lakini si mtu mbaya. Nikasema nampenda huyo mwanawe, nikashangaa, maana sikuwa nimepanga kusema hivyo. Nikasema mama arudi salama. Nikarudia. Kisha yakaja mengine, bila mpangilio, watoto wangu, marehemu baba, goti la mke wangu. Saa ilipoisha nilikuwa nimepiga magoti juu ya godoro. Basi sikumdanganya meneja kwa lile.

Nimetoka nimechoka kuliko nilivyoingia. Huu si mradi niliokusudia.

Jumatano, 12 Machi

Hakuna habari. Simu ya Kidole Juu imezimwa. Mwalimu karudi na hasira zake. Miwani yake nilikuwa nimemaliza mimi jana jioni, nikampa. Akauliza jirani yangu atarudi lini, maana ana fremu nyingine ya kurekebisha. Nikafungua mdomo nimjibu. Kidole changu kikapanda chenyewe.

Ijumaa, 14 Machi

Kidole Juu amerudi! Mama amefumbua macho, anaongea, ameshaanza kulalamikia uji wa hospitali. Karakana ilimzunguka. Kidole Juu akapenya katikati ya watu, akanishika mikono yote miwili, akanishukuru mbele yao.

Nikashindwa kuvumilia. Mtu hawezi kushukuriwa hivyo kwa uongo. Nikakata kauli, nikamwaga yote mbele yao: dini hakuna, ni wivu wa mapumziko yao, mle ndani nilikuwa nalala. Nikangoja wanifukuze.

Shangazi ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akakalia boksi. Kisha wote, hata meneja.

"Baba, unakoroma," meneja akasema, akijifuta machozi. "Wateja wa kaunta wanakusikia. Ulionekana umechoka sana, nikasema wazime mashine upumzike."

Wazime mashine! Na kule kuinamia lenzi, kumbe walikuwa wanajizuia kucheka. Nilitamani sakafu inimeze. Nikamuuliza Kidole Juu, kama alijua, mbona aliniomba. Yeye hakuwa anacheka.

"Nilijua. Lakini kwa mama yangu, hata wewe nilikuhitaji. Nikiwa nimekaa kwenye korido ya hospitali, Shangazi akanipigia simu. Alikuwa amesimama kwenye pazia lako. Akaniambia, leo hakoromi."

Nikajifanya nimeingiwa na vumbi la lenzi machoni. Wakaniacha nijifanye. Halafu mmoja akasema kitu kuhusu upara wangu, na chakula cha mchana tukala pamoja.

Jumatatu, 17 Machi

Nimetafakari sana mwisho wa juma. Mambo yale yalikuwa mazito na hayawezi kupita hivihivi. Mtu lazima ajifunze.

Meneja ameniita leo. Stoo ibaki yangu, nipumzike saa yangu kama wenzangu wanavyosali, wala sihitaji kutunga dini. Mama wa watu ana roho nzuri. Nimemkatalia. Usingizi wa ruhusa hauna ladha. Nimemweleza kwamba baada ya yale yaliyotokea nimeguswa, nimeirudia dini ya kwetu, safari hii kwa dhati, na kwamba kwa waliorudi upya ibada ni saa moja na nusu. Aliinua nyusi zilezile, akakubali.

Nikaingia. Nikataja goti la mke wangu na mama wa Kidole Juu, harakaharaka, ili yasije yakanikosesha usingizi. Nje umeme ukakatika.

Kosa langu nimeshaligundua. Nilikuwa nalala chali. Kuanzia leo nalala ubavu.