Wino kwenye Karata za Uru

Jumatatu, 6 Mei

Nimejitolea. Mashindano ya karata ya mtaa wetu ni Jumamosi, na mwaka huu sitakaa benchi la nyuma kama mtu aliyeingia kukwepa mvua. Mama Kipenga, anayetuongoza sisi wa kujitolea (alifundisha michezo shuleni miaka thelathini, na kipenga hakijamtoka shingoni), aliuliza nani anaweza kuchora mpango wa meza. Nilifundisha jiografia miaka thelathini na mitano. Mkono ulipanda wenyewe.

Sababu ya kweli naiandika hapa tu, maana daftari hili hulala chini ya soksi zangu. Ni macho ya mke wangu. Yanafifia, naye hataki ijulikane. Januari alilikemea koti langu lililotundikwa mlangoni, akaliuliza litasimama hapo mpaka lini kama mgeni asiyekaribishwa. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake. Nikaomba radhi kwa niaba ya koti.

Nieleze kidogo. Karata zina aina nne: shupaza na pau ni nyeusi, kopa na uru ni nyekundu. Kwenye mwanga hafifu, jicho lililochoka halitofautishi kopa na uru. Na sheria ya mchezo wetu ni kali: aina iliyotangulia mezani, ukiwa nayo, lazima uitoe. Mwaka jana ilitangulia uru. Mke wangu alikuwa nayo, akatoa kopa. Yeye na mwenzake, jirani yetu mshonaji, wakapokonywa mchezo mbele ya ukumbi mzima. Alisema ni uchovu. Njiani kurudi nyumbani alisema jambo hilo likimtokea tena, hatashika karata mpaka azikwe.

Huyu ni mtu ambaye, siku nilipokwenda kumwambia kwamba nampenda, aliniambia nisubiri amalize mchezo. Nilisubiri michezo mitatu.

Mbinu: mke wangu akae meza namba moja, chini ya dirisha kubwa. Nitaandika kuwa jozi za dirishani hazihami, wengine ndio wazunguke. Nani atauliza?

Jumanne, 7 Mei

Karani ameuliza.

Karani alistaafu posta, na tangu nimjue hajawahi kuona karatasi ya mtu akaiacha bila kuisoma. Ramani yangu ilikuwa na rangi tatu, vipimo na mshale wa kaskazini. Mama Kipenga aliisifu. Mshonaji aliisifu. Karani akaisogeza karibu na pua yake, akaikagua kama barua isiyo na stempu, kisha akataka kujua kwa nini meza namba moja imeandikwa kwa penseli "mke wangu, dirishani".

Nilisahau kufuta.

Mama Kipenga alinikumbusha, kwa upole unaouma kuliko kipenga, kwamba mwenye mtu wake mchezoni hapangi viti. Viti vitapigiwa kura siku yenyewe. Mimi nikahamishiwa stoo, kumsaidia Karani kuhesabu karata. Karani alisema hajaona ramani nzuri kama ile, imemfikisha Mwalimu stoo bila kupotea. Watu walicheka. Mshonaji alicheka mpaka akakohoa.

Kazi ya stoo watu hawaijui, kwa hiyo naieleza. Tuna seti kumi na nne: kumi na mbili za meza, mbili za akiba. Kila seti ina karata hamsini na mbili. Kila karata hufutwa, hukaguliwa kama imekunjika pembe au ina mkwaruzo mgongoni, kisha hupangwa kwa aina. Karata yenye alama mgongoni hutupwa, kwa sababu mpinzani anaweza kuitambua ikiwa bado mkononi mwako.

Karani anahesabu polepole ajabu. Kila karata anaileta puani, anaigeuza, anaipitishia kidole. Nilimaliza seti tatu yeye akiwa na moja. Nilimjulisha.

Jumatano, 8 Mei

Nimepata mbinu, na ni safi kuliko ya kwanza. Kwenye sanduku langu la ualimu mna kidau cha wino wa mhuri, wa kijani. Nimechovya ncha ya njiti ya kiberiti, nikachora mstari mdogo chini ya namba kwenye pembe za kila karata ya uru. Uru yenye kijani, kopa bila kijani. Jicho lolote litaona.

Huu si udanganyifu. Nimefikiria sana. Mstari uko upande wa mbele, ambao mwenye karata peke yake ndiye anayeuona. Nitachora kwenye seti zote, kwa hiyo kila mchezaji anafaidika. Uru ni kumi na tatu kwa kila seti. Mara kumi na nne ni mia moja themanini na mbili. Leo nimechora tisini na moja, Karani alipokwenda kula chakula cha mchana. Nilizirudisha kwenye maboksi haraka, niliposikia viatu vyake.

Tatizo dogo: kidole gumba. Kimekuwa cha kijani na sabuni haikitaki. Mke wangu alinishika mkono mezani, akauliza kidole kimefanya nini mbona cheusi. Nilimwambia napaka geti rangi. Alisema hajasikia harufu ya rangi. Nilisema naanza kesho.

Alhamisi, 9 Mei

Nimenunua kopo la rangi na kupaka geti. Mtu akishasema jambo, inampasa alifanye kweli, hata kama limechelewa siku moja. Mchana nilikwenda stoo kuchora uru tisini na moja zilizobaki.

Jioni mshonaji alikuja kwetu na akaegemea geti. Mkono mzima wa blauzi yake ukawa wa kijani. Alisema mengi. Alipoondoka, mke wangu alitoka, akasimama mbele ya geti kwa muda, akasema ni rangi nzuri sana. Kisha akauliza kama ni bluu.

Sikuweza kumsahihisha. Nilisema ndiyo mama, ni bluu.

Ijumaa, 10 Mei

Tumebeba meza. Tumepanga viti arobaini na vinane. Mama Kipenga alipuliza kipenga kila tulipopumzika. Mimi na Karani tumebishana saa nzima kuhusu nani atagawa maboksi ya karata mezani kesho. Nilishinda. Sasa najiuliza kwa nini aliniachia.

Mke wangu amechanganya karata zake jikoni alasiri yote, bila kuzitazama. Vidole vyake bado ni vyepesi kuliko vya mtu yeyote ninayemjua. Nilisimama mlangoni. Alisema bila kugeuka, "Kama wewe ni koti, endelea. Kama ni Mwalimu, kuna vyombo vya kuosha."

Jumamosi, 11 Mei

Naandika polepole, nisikose kitu.

Kura ilimpeleka mke wangu meza namba tisa, ukutani, chini ya taa inayopepesa. Sikujali. Niligawa maboksi nikitembea kama bwana harusi. Kipenga kikalia, karata zikagawiwa.

Dakika kumi hazikuisha. Kinyozi, meza namba nne, aliuliza kwa sauti kwa nini karata ya mwenzake ina doa la kijani mgongoni. Mwenzake alimwambia atazame kwanza pua yake. Kinyozi alikuwa na mstari wa kijani puani. Watu wakaanza kukagua vidole. Ukumbi mzima ulikuwa na vidole vya kijani, kama darasa lililovamia duka la rangi.

Nieleze kosa. Wino wa mhuri hukauka kwenye karatasi kwa sababu karatasi hunywa. Karata zetu ni za plastiki, hazinywi kitu. Karata zikipangwa, uso wa moja hulala juu ya mgongo wa nyingine. Kwa hiyo kila uru ilikuwa imempaka jirani yake. Nilitaka uru mia moja themanini na mbili zenye mstari upande wa mbele, nikapata madoa yasiyo na idadi upande wa nyuma. Nilifundisha jiografia, si kemia.

Mama Kipenga alipuliza kipenga kirefu. Alisema karata zimetiwa alama, na kwamba hilo halijawahi kutokea kwenye ukumbi huu. Akauliza nani anashika ufunguo wa stoo. Macho yote yakamwendea Karani. Karani alisimama karibu na ubao wa matokeo, ameushika ufunguo mkononi. Miaka arobaini ya posta bila barua moja kupotea, na watu wanamtazama hivyo.

Nilikaa kimya kwa muda ambao sitauandika. Halafu niliinua kidole gumba. Kilikuwa cha kijani kuliko vyote.

Mama Kipenga aliuliza kwa nini. Nilisema nilitaka kuzipendezesha karata. Aliuliza mbona uru peke yake. Nilisema uru nimezipenda tangu utoto. Kinyozi alisema Mwalimu amezeeka vibaya. Wakacheka, na nilifurahi wacheke, maana mtu anayecheka haulizi zaidi.

Lakini mke wangu alisimama. Aliniambia, "Kaa chini, Mwalimu, unatia aibu uru." Kisha akawaambia wote. Kwamba haoni vizuri. Kwamba mwaka jana hakuwa amechoka. Kwamba kopa na uru kwake zimekuwa mapacha, na mume wake, badala ya kumuuliza, ameamua kuwavisha mapacha nguo tofauti.

Hakuna aliyecheka. Mshonaji alimshika mkono. Nilidhani ataomba radhi na kutoka, na kwamba karata zimekwisha maishani mwake, na ni mimi niliyezimaliza.

Ndipo Karani alikohoa. Alisema yeye pia. Alisema karata anazihesabu karibu na pua si kwa umakini, ni kwa sababu mbali haoni. Kinyozi akasema, basi nami nisifiche, ila wateja wangu msiwaambie. Mzee mmoja wa meza ya kumi na moja alisema mwaka jana alitoa kopa badala ya uru mara mbili, na hakuna aliyegundua kwa sababu wapinzani wake nao walikuwa hawaoni.

Mama Kipenga alikitoa kipenga mdomoni. Aliagiza meza zote zibebwe nje, barazani, kwenye mwanga wa jua. Akaongeza sheria moja: kila anayetoa karata aitaje kwa sauti, aina na namba. Mimi na Karani tukaamriwa kuosha karata.

Tuliosha seti kumi na nne kwenye beseni la maji ya sabuni. Mimi nilisugua, yeye alisuuza na kuzianika juu ya shuka. Tukafika seti ya tano. Kisha aliniambia ningeweza kunyamaza, ufunguo ulikuwa kwake. Nilisema nilinyamaza kidogo. Alisema alihesabu, na akanisamehe. Kwenye seti ya tisa aliniambia anahesabu polepole kuliko mimi, lakini seti yangu ya Jumanne ilikuwa na karata hamsini na moja, akairekebisha kimya kimya.

Mchezo ulianza upya saa nane. Baraza zima lilisikika kama mnada: uru tisa, kopa ya malkia, pau mbili. Mke wangu alicheza mpaka jua likashuka. Hakukosea hata mara moja. Yeye na mwenzake wakawa wa nne kati ya jozi ishirini na nne, na mshonaji anadai wangekuwa wa tatu kama si mkono wake wa blauzi kumkosesha raha.

Jumapili, 12 Mei

Tumekaa barazani kwetu. Alisema alijua mambo yangu tangu Jumatatu, kwa sababu mtu anayevuta droo ya soksi mara nne kwa siku ana siri. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia kuhusu macho. Alisema aliogopa nitamweleza jinsi jicho linavyofanya kazi.

Ni kweli, ningemweleza.

Amekubali kwenda kupimwa. Karani na kinyozi wanakwenda naye. Kwa upande wangu ameomba jambo moja tu: linalomhusu nimwambie yeye kwanza, kwa maneno, bila ramani na bila wino. Nimeapa. Nimeliandika hapa na kulipigia mstari.

Kisha akauliza kama kuna jingine lolote nililomficha. Alikuwa ameelekeza uso getini. Nilifikiri kwa makini. Nikasema hakuna.

Jumanne, 21 Mei

Daktari alisema ni mtoto wa jicho, na kwamba huondolewa kwa upasuaji. Jicho la kwanza limefanyiwa leo asubuhi, na limekwenda salama. Binti yetu atalala naye hospitali. Kesho anafunguliwa bandeji na kurudi nyumbani.

Kabla hajaingia chumba cha daktari nilimshika mkono, nikamuuliza akifunguliwa jicho anataka kuona nini kwanza. Nilitarajia kusikia ni mimi. Alisema anataka kuliona geti letu la bluu. Mshonaji, aliyekuwa amekaa pembeni, aliinama ghafla kutafuta kitu kwenye mkoba wake, mabega yakitikisika. Mke wangu naye alitabasamu. Hofu ya upasuaji humjia kila mtu kivyake.

Ingehitaji sentensi moja tu. Niliiandaa. Wakamwita ndani.

Kwa hiyo nimenunua kopo la bluu. Nimepaka tangu saa sita, tabaka mbili. Karani amekuja kunishikia kopo na kukagua kazi. Zamu yake ya kufanyiwa jicho ni wiki ijayo. Amelisogelea geti mpaka pua ikaligusa, akalitazama juu mpaka chini, na kunihakikishia kuwa hakuna kijani kilichobaki popote.

Kidole gumba kimekuwa cha bluu. Nitamwambia nilikuwa najaza kalamu.