Gauni la Bandi

Kingsbury, London
Ijumaa, 11 Aprili 1986

Ndugu Mhariri Faustine,

Natumaini wewe na jamaa zako wote wa Tottenham hamjambo. Sisi huku Kingsbury miili ni mizima. Vichwa ndivyo vinavyotuuma tangu jarida lako la Machi lilipotufikia.

Mimi, kama ujuavyo, ni Jitendra, fundi cherehani, Mhindi wa Tanga, mwanachama wa Chama chetu cha Watu wa Tanga tangu kilipoanzishwa. Sijapata kulalamika hata siku moja. Mwaka juzi kwenye mkutano mkuu pilau iliisha kabla sijafika mezani, nikanyamaza. Lakini safari hii, bwana, maji yamenifika shingoni.

Katika ukurasa wa pili umeandika kwamba binti yangu Lata, mwenye miaka kumi na tisa, aliimba kwenye mashindano ya vijana hapo Tottenham akiwa amevaa “gauni la mtindo mpya, lenye nyuzi nyeupe za mapambo, michoro ya chaki na mkono mmoja, ubunifu wa baba yake uliowaacha Waingereza midomo wazi”. Kwa heshima na taadhima naomba uchapishe sahihisho kabla ya Jumamosi tarehe 19. Siku hiyo Lata ameitwa akaimbe na kutembea jukwaani katika maonyesho ya mavazi ya mama mmoja mwenye jina hapa mjini. Ameniomba radhi zangu aende. Sijampa. Ukiuchapisha ukweli kuhusu gauni lile, yule mama atamwacha mwenyewe, nami sitakuwa na haja ya kumkatalia mwanangu. Unaona jambo lilivyo jepesi. Hoja zangu ni hizi.

1. Gauni lile si mtindo. Lilikuwa halijaisha. Lata aliniomba gauni tangu mwezi wa kwanza, nikamwambia kesho, kama ninavyowaambia wateja wote, maana mimi sipendi upendeleo. Mganga hajigangi, na fundi hamshonei mwanawe. Hizo nyuzi ulizoziita mapambo ni bandi: mishono mirefu ya mkono ya kushikiza kitambaa kabla hakijapita kwenye cherehani, kisha tunaifumua. Michoro ya chaki ni chaki. Na huo mkono mmoja! Umeandika kwamba ni wa makusudi. Makusudi gani, ndugu yangu? Mkono wa pili ulikuwa mezani, chini ya koti la Margaret, yule nesi wa Kikenya. Alasiri ya mashindano niliingia ndani kunywa chai, kurudi dukani nikakuta henga tupu na mtoto hayupo.

2. Umeandika tena kwamba “baba mtu alionekana nyuma ya ukumbi akifuta machozi kwa kitambaa cha buluu”. Uongo mtupu. Nilikwenda Tottenham kuliwahi gauni langu. Nilipanda treni ya chini ya ardhi hapa Kingsbury, nikabadilisha Green Park, sindano kwenye kola na ule mkono wa pili begani, abiria wote wananitazama, nikitumaini nitamkuta Lata hajapanda jukwaani nimshikizie upesi upesi. Nilifika keshaanza kuimba. Ulichokiona si kitambaa cha mkononi, ni mkono wa gauni. Na yale hayakuwa machozi, yalikuwa jasho. Nilitoka stesheni mbio, na mimi si kijana.

3. Jina langu limechafuka. Nimeshika sindano miaka thelathini na mmoja, tangu duka la marehemu baba yangu kule Ngamiani, Tanga, Barabara ya Nane. Baba akiona uzi mmoja unaning'inia kwenye suruali ya mteja barabarani, alikuwa akimfuata na mkasi mpaka sokoni. Leo jarida lako limetangaza dunia nzima kwamba mwanawe anatoa nguo na bandi zake, na badala ya watu kunicheka, wanazitaka! Bi. Nurjehan kaleta blauzi niliyomshonea Idi iliyopita, nzima, safi, kaniomba niifumue. Margaret kasema koti lake nisilifute chaki. Gurmit, mtu mzima, mwenye wajukuu, kaniuliza kwa sauti ya chini kama suti ya kuozea mwanawe nayo yaweza kutoka na mkono mmoja. Nikamuuliza huo mkono wa pili atautia wapi siku ya harusi. Na Pradip, fundi mwenzangu maduka mawili kutoka hapa, ambaye nilidhani ni rafiki, sasa anashona nguo mpaka mwisho, anapiga pasi, halafu anazipiga bandi upya juu yake na kuzitundika dirishani. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

4. Umeuliza pia mtoto huyu amejifunza wapi kusimama na kutembea vile. Nami nimejiuliza, nimefanya uchunguzi, na sijapata jibu. Hapa nyumbani hajafundishwa kitu. Tulipofika nchi hii sikuwa na sanamu ya kujaribishia nguo, kwa hiyo tangu Lata ana miaka saba nilikuwa nikimsimamisha juu ya kigoda, nikimvika nguo za akina mama na kuzibana kwa pini. Alijua kukaa kimya robo tatu ya saa bila kujikuna. Alijua kugeuka taratibu nikisema geuka, na kwenda mpaka mlangoni na kurudi bila kutazama miguu, ili nione pindo linavyoanguka. Mteja akiwepo alikatazwa kucheka. Kuimba nilimruhusu, tena nilimlazimisha, kwa sababu mtu akiimba kifua hupanda na kushuka, na hapo ndipo fundi huona kama nguo inabana. Basi, ni hayo tu, kila siku baada ya shule, miaka kumi. Nawalaumu walimu wake.

5. Lugha. Huyu mtoto nyumbani nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza. Nikimwita aje ale, ananijibu Kiingereza. Nikimgombeza, Kiingereza. Nilikwishakata tamaa, nikasema basi, Kiswahili cha nyumba hii kitazikwa nami. Kumbe anacho! Jukwaani kakitoa chote, tena cha Tanga hasa, kwenye wimbo ambao mimi huuimba nikiwa natia uzi kwenye sindano, wimbo wa mama yangu, usioandikwa popote. Hakuniomba ruhusa. Kama Chama kina kamati ya kushughulikia wizi wa namna hii, nataka kujua mwenyekiti wake ni nani.

6. Yule mama wa mavazi amefika dukani kwangu mwenyewe. Kakaa kwenye kiti cha wateja, kakataa chai, kisha akakubali vikombe viwili. Ameagiza magauni kumi na mawili kama lile, na sharti lake moja ni kwamba nisiyamalize. Ndugu Faustine, hebu fikiri. Ukutani kwangu nimetundika kibao cha “Haraka haraka haina baraka”, na watu wote wa Afrika Mashariki waishio kaskazini mwa mji huu wamesimama chini ya kibao hicho wakanitukana. Wamenitukana Diwali, wamenitukana Idi, wamenitukana Krismasi. Wewe mwenyewe, kwa suruali yako ya Desemba, ulisema maneno ambayo mtu wa kanisa hapaswi kuyajua. Sasa kama kutomaliza ni usanii, basi mimi ni msanii mkubwa kuliko wote London tangu mwaka 1971, na Chama chote kinapaswa kuniomba msamaha kwa maandishi, mmoja mmoja, kwa mpangilio wa alfabeti. Na kama si usanii, basi yule mama amekosea, Lata hana haja ya kwenda, na kila mtu arudi kwenye kazi yake. Chagueni moja. Mimi yote mawili nayaweza.

7. Hii ndiyo hoja ya mwisho, na ndiyo hasa iliyonifanya nishike kalamu. Jumapili ya tarehe 30 Machi Lata alishuka dukani, akasimama mbele yangu, akaniomba radhi zangu. Kwa Kiswahili. Alisema polepole, maneno yote yamekaa mahali pake, nikajua ameyafanyia mazoezi. Nami, Mungu anisamehe, nilimwambia kesho. Leo ni siku ya kumi na mbili. Yule mama amempa karatasi za kutia sahihi na Lata hazigusi. Amemwambia kwamba “kwetu” mtu haanzi safari kabla baba hajanena. Hakuna aliyemfundisha kusema “kwetu”. Mke wangu Vasanti haongei nami, huweka sahani mezani na kunigeuzia mgongo.

Sababu zangu ninazo nyingi. Anasomea dawa, na dawa ni kazi ya heshima. Watu watasema. Wachumba watauliza. Lakini nikuambie kweli, Faustine, kwa kuwa sisi tulitoka pwani moja na baridi hii imetupiga sote: naogopa. Mtoto yule nilimtoa Tanga begani akiwa na miaka minne. Miaka ile ya kwanza hapa tulikuwa tukipigiwa kelele barabarani, turudi kwetu, na nilimfundisha kutembea karibu na ukuta, asicheke kwa sauti, avae rangi ya majivu, asitazamwe. Nguo za watu wote nilizishona zing'ae, zake nilizishona zisionekane. Ndiyo kazi niliyoifanya vizuri kuliko zote, na ile niliimaliza kwa wakati. Sasa anataka kwenda kusimama mahali ambapo kazi yake ni kutazamwa na kila mtu. Wakimcheka, mimi nitakuwa wapi? Nitakuwa nyuma ya mashine, Kingsbury.

Kwa hayo yote naomba sahihisho lako liseme wazi: kwamba gauni lilikuwa na bandi kwa uvivu wa fundi wala si kwa ubunifu, kwamba baba mtu hakulia, kwamba kipaji cha mtoto hakijulikani kilikotoka, na kwamba familia inaomba isisumbuliwe. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na mimi nguo hizo nimezishona mwenyewe, kwa hiyo najua ninachosema. Usipochapisha, nitajiuzulu uanachama, na suruali yako nitaipiga bandi.

Nisalimie mkeo na mama mkwe wako aliyekuja kutoka Korogwe, mwambie baridi itapungua mwezi wa sita, kidogo. Nisalimie wazee wa Chama, wanakwaya wenzako, dereva yule wa basi anayesema alisoma na kaka yangu, na kila atakayekuuliza habari zangu. Bi. Nurjehan naye anawasalimu, yuko hapa mbele yangu na blauzi yake.

Wako mwenye kusikitika, ila bado akikuheshimu,

Jitendra
Fundi cherehani

Nyongeza: Barua hii nilikwishaifunga na kuibandika stempu. Vasanti kaichukua, kaifungua juu ya mvuke wa birika, kavaa miwani yangu na kuisoma yote, amesimama. Hakubisha hata hoja moja. Kaniuliza swali moja tu, la kwanza baada ya siku kumi na mbili: pale nyuma ya ukumbi, Lata alipokuwa akiimba, zile bandi zilionekana vipi kutoka mbali?

Mimi ninayeona kifungo kilicholegea kwenye koti la mtu ng'ambo ya barabara, nilisimama pale wimbo mzima na sikuona uzi hata mmoja. Sikuona chaki, sikuona mkono uliopungua. Nilimwona mwanangu tu, naye hakuwa karibu na ukuta wowote.

Nimepanda juu. Nimemwekea mkono kichwani na kumpa radhi zangu, kwa Kiswahili na kwa Kigujarati, nisije nikaacha kitu. Amelia, nami nimelia, sina la kuficha. Karatasi amezitia sahihi juu ya meza ya kukatia nguo.

Kwa hiyo barua hii tafadhali usiichapishe, ichane. Jumamosi tarehe 19 duka litafungwa. Yeyote mwenye nguo yake kwangu avumilie. Vasanti ameshatoa sari ya hariri sandukuni na mimi nimevaa suti, nimevua, nimevaa tena. Jambo moja tu linatutatiza, nawe unawajua watu wa kumbi, basi niulizie na unijulishe mapema, nisije nikamwaibisha mtoto mbele ya watu: baba wa msanii huingilia mlango upi?